Zimwi Aliyeruhusiwa Kukosea

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga taipu sentensi hii: "Theluji ilipokoma, Juma alivaa kofia yake ya sufu akatoka nje." Vidole vyangu vikasita. Mimi ni mzaliwa wa Mutuini, huko Dagoretti. Naijua baridi ya Julai na umande unaolowesha soksi hadi shuleni, lakini theluji nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, juu ya mlima, siku mawingu yalipokubali kuondoka.

"Bwana," nikamwuliza Mhariri Mkuu, "huyu Juma anaishi wapi?"

Mhariri Mkuu alikuwa mwalimu kabla hajaingia katika kazi ya vitabu, na miwani yake ilikaa kwenye ncha ya pua kana kwamba daima alikuwa akisahihisha daftari la mtu.

"Juma ni wa Nairobi," akajibu. "Theluji ni ya Uingereza. Wamekutana ndani ya tafsiri. Endelea."

Nilipoiinamia tena mashine akaongeza, "Unapiga taipu kama mtu anayepanda viazi, binti. Lakini walau umeuliza. Aliyekutangulia alimaliza kitabu kizima asiuone huo mzaha."

Ndivyo nilivyoanza, miaka michache baada ya uhuru, katika ofisi ya ghorofani juu ya duka la vitambaa katikati ya jiji. Nawaandikia ninyi vijana mnaotaka kutunga au kuhariri vitabu vya watoto, kwa kuwa mara nyingi mnaniuliza tuliifanyaje kazi hii kabla ya kompyuta. Nitaeleza taratibu. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Ugumu wake ni kuishikilia usiiache.

Kwanza jueni kwamba mchapishaji si mpiga chapa. Mchapishaji humtafuta mtunzi, huupokea muswada, yaani kitabu kabla hakijawa kitabu, huusahihisha, humpa mchoraji, kisha ndipo huupeleka kiwandani. Mpiga chapa ndiye mwenye mitambo. Sisi tulikuwa wachapishaji wadogo, na kiwanda tulichokitumia kilikuwa Ngara, nyuma ya maduka ya jumla. Nilipokwisha kuizoea taipureta nilihamishiwa huko kuwa msoma prufu.

Prufu ni karatasi ya majaribio. Siku hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi. Mafundi walizipanga herufi mstari kwa mstari, wakazipaka wino, wakatoa nakala moja, nami nikaisoma na kalamu mkononi. Picha nazo zilichorwa kwa asidi juu ya bamba la zinki, bamba likapigiliwa kwenye kipande cha mti; kitu hicho tulikiita bloku. Bloku ikishatengenezwa huwezi kuibadilisha. Ukitaka picha nyingine, unatengeneza bloku nyingine, na hakuna aliyependa kusikia habari hiyo.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Ngara hiyohiyo. Alinifundisha kwa Kiswahili chake mwenyewe, huku akigonga meza kwa kidole.

"Mama, wewe tafuta kosa sasa, kwa karatasi. Risasi hapana na raba. Kosa nakwisha ingia kwa risasi, naenda mpaka Kisumu."

Alisema kweli. Kosa la kitabu halikai ofisini. Hupanda gari likasambaa. Nilikaa Ngara hadi mikono yangu ikawa na harufu ya wino hata Jumapili kanisani, kisha mwanzoni mwa miaka ya sabini nikarudishwa mjini kuwa mhariri msaidizi. Mhariri Mkuu alinikabidhi vitabu vya ziada vya sayansi kwa darasa la nne, vile vya kina Juma na theluji yao.

"Watoto hawavisomi," akaniambia. "Walimu wanavifungia kabatini visije vikachafuka. Fanya kitu."

Nilianza kwa kujiuliza watoto wa Mutuini walipenda kusikia nini. Jibu lilikuwa jikoni kwa mama yangu: mazimwi. Mama akianza hadithi ya zimwi, hata aliyetumwa kuni hakutoka. Nikaona kwamba zimwi anaweza kuwa mlango, na sayansi ikapita humo. Hakitakuwa kitabu cha masomo, kitakuwa hadithi yenye sura fupifupi, na katika kila sura kiumbe huyo wa ajabu atagongana na jambo moja la maumbile: mvuke, sumaku, uzito, kivuli.

Mtunzi niliyempata alikuwa Maalim, mwenyeji wa Lamu. Mchana alikuwa karani wa duka, jioni akifundisha watoto Kurani kwenye chuo kimoja pale mjini. Kiswahili chake kilikuwa kama maji ya mtungini. Nilimkuta dukani nikamweleza.

"Shikamoo, Maalim. Nataka hadithi za sayansi zenye jini."

"Marahaba, mwanangu. Jini kwangu humpati."

"Kwa nini?"

"Jini si kikaragosi. Ametajwa Kitabuni. Nikimtelezesha kwenye ganda la ndizi, wazazi wa wanafunzi wangu watanivua kofia hii."

"Basi shetani mdogo tu, wa kuchekesha?"

"Hilo kamwulize mama yako, mtu wa kanisa. Kisha uje unionyeshe alikokupiga."

Mama hakunipiga, ila aliweka mwiko chini. "Njeri! Shetani ndani ya kitabu cha shule? Unataka nikaseme nini kwa akina mama wa kanisa?"

Kwa hiyo tukabaki na zimwi. Wagikuyu wanamjua, watu wa pwani wanamjua, na hayumo katika dini ya mtu yeyote. Maalim alimpa jina Makeke kwa sababu ya kelele zake. Mimi nikaweka sheria moja, ambayo nawahimiza muishike hata leo: uchawi unaruhusiwa kuchagua umbo, lakini baada ya hapo maumbile yanatawala. Makeke anaweza kujigeuza kibuyu. Akishakuwa kibuyu ataelea kama kibuyu. Akijigeuza jiwe, atazama. Katika sura moja aliiba mvuke wa sufuria ya uji, akauziba ndani ya chungu baridi ili akatishie kijiji, na alipofungua akakuta matone ya maji yakimcheka. Mtoto aliyesoma hapo hakuhitaji tena kukaririshwa mvuke ni nini.

Sura ya kivuli ndiyo iliyotuponza. Makeke alitaka kumkimbia mtu mweusi aliyelala miguuni pake kila mahali. Ndani yake tuliandika: "Saa sita mchana kivuli huelekea kaskazini siku zote." Maneno hayo yalitoka katika mwongozo wa walimu ulioletwa kutoka ng'ambo, na mchoraji akachora kijiti chenye kivuli kinachoelekea huko. Bloku ikatengenezwa.

Desturi yangu ilikuwa kusoma kila sura mbele ya watoto kabla haijapigwa chapa. Nililisomea darasa moja la Mutuini ambalo mwalimu wake alinivumilia. Ilikuwa Juni, na jua lilikuwa la kuombwa. Tulichomeka kijiti uwanjani tukangoja, watoto wakipuliza viganja vyao. Mawingu yalipofunguka mchana ule, walikwisha kupewa maelekezo: elekea jua linakochomoza, mkono wako wa kushoto ni kaskazini.

"Mwalimu," msichana mmoja akasema, "kivuli iko huku." Alikuwa akionyesha kulia, kusini.

"Kijiti kimepinda," mwalimu akajibu.

Wakakinyosha. Kivuli kikabaki kusini.

"Pengine ni jua imekosea," akasema mwingine, na wenzake hawakucheka.

Nilisimama nikiwatazama. Walikilaumu kijiti, wakalilaumu jua, wakajilaumu wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyesema kitabu kimekosea.

Maelezo yake ni mepesi. Kule Uingereza jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, hivyo kivuli huanguka kaskazini. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua hupita juu yetu likienda na kurudi: miezi fulani liko kusini kwetu, na miezi mingine, kama Juni, liko kaskazini, na kivuli huanguka kusini. Sentensi yetu ilikuwa kweli, lakini kweli ya watu wengine.

Nilipomwambia Maalim, alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"La ilaha illallah! Mwanangu, mimi kila siku huangalia kivuli nijue adhuhuri imeingia. Kila siku! Kisha nikaketi nikaandika la mwongozo na kuliacha la macho yangu."

"Ulikiamini kitabu, Maalim."

"Nilikiamini kupita kivuli cha ukuta wa msikiti."

Mhariri Mkuu alitaka sura iondolewe. Nilimwomba aniachie. Yale niliyoyaona uwanjani yalikuwa yameniingia, na nilijua tunachopaswa kufanya. Maalim na mimi tuliiandika upya: Makeke ameokota kitabu kilichotoka nchi ya mbali. Anasimama juani saa sita, anatazama kitabu, anatazama kivuli, kisha anakigombeza kivuli. "Geuka! Kitabu kimesema uende kaskazini!" Watoto wa hadithini wanamwambia amekosea, naye anakataa, mpaka wanamwonyesha. Bloku yetu mbaya hatukuitupa. Ikawa picha iliyomo ndani ya kitabu cha Makeke. Msimamizi wa kiwanda alifurahi kuliko sote.

Kisha muswada ukaenda kwa jopo la kupitisha vitabu vya shule. Bila idhini yao hakuna shule ambayo ingenunua. Jibu lilikuwa fupi: kitabu cha sayansi kisiwe na zimwi. Nafasi ya Makeke ichukuliwe na mwalimu, la sivyo kikataliwe.

"Mtoe," Mhariri Mkuu akasema. "Weka mwalimu. Ni kubadilisha majina tu."

"Si majina, bwana. Mwalimu akikaa hapo, hadithi inakufa."

"Njeri, nisikilize. Msimamizi anahitaji risasi yake. Mwisho wa mwezi ataziyeyusha herufi za kurasa zako atengeneze kalenda. Na mimi sitaombwa tena pesa za vitabu vya sayansi na mtu aliyeshindwa na kimoja. Utarudi kwenye taipureta."

"Basi nipe ruhusa nikamwone Mkaguzi wa Shule."

Alivua miwani, jambo alilolifanya mara chache. "Nenda. Lakini usipige kelele kama zimwi wako."

Mkaguzi ndiye aliyekuwa sauti kubwa katika jopo lile. Nilikwenda ofisini kwake nikaambiwa ana mkutano. Nikaenda tena, nikaambiwa ametoka. Karani wake alianza kuniita "yule dada wa zimwi". Sikujali, nilikuwa na benchi la kukalia na prufu za kusoma. Hatimaye Mkaguzi mwenyewe alifungua mlango, mtu mrefu mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri.

"Bibi, mbona unanisumbua? Tunajitahidi kuwatoa watoto kwenye ushirikina, wewe unawaletea zimwi."

"Bwana Mkaguzi, hakuna mtoto anayemwamini Makeke. Ndiyo sababu nampenda."

"Mwalimu hawezi kukosea hivyohivyo kwenye hadithi, watoto wakamsahihisha?"

"Nani atamsahihisha mwalimu?"

Akaniachia mlango niingie. Nikaona nafasi.

"Samahani nikuulize. Ulipokuwa mdogo, baba yako akisema jambo nawe unajua silo, ulimwambiaje?"

Alicheka bila kutaka. "Nilinyamaza, bibi. Meno yangu yote ninayo kwa sababu nilinyamaza."

"Hata mimi. Na tunataka watoto hawa wawe wanasayansi. Mwanasayansi ni mtu anayesema, 'Hapana, mimi nimeona vingine.' Watajifunzia kwa nani? Kwa baba hawawezi. Kwa mwalimu hawathubutu. Zimwi ni mkubwa pekee ambaye mtoto wetu anaweza kumwambia amekosea na adabu isivunjike."

Alipigapiga kalamu mezani. Nilitarajia anifukuze. Badala yake akasema, "Maneno ni matamu. Nitakuja shuleni kwako, nijaribu mwenyewe."

Alikuja Mutuini mwezi Julai, kabla shule hazijafungwa, kwa gari la serikali lililotapakaa udongo mwekundu. Jaribio alilipanga yeye, nami nawasimulia vile lilivyokwenda. Watoto walitoka wakachomeka kijiti. Jua lilitoka kidogo, likatosha. Kila mmoja aliona kivuli kikianguka kusini, na Mkaguzi akawaamuru waweke jiwe mahali kilipoishia. Kisha wakarudi darasani wakaketi. Yeye akasimama mbele, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa:

"Watoto, saa sita mchana kivuli huelekea kaskazini siku zote. Sivyo?"

"Ndiyo, bwana!" Darasa zima.

"Hata leo?"

"Ndiyo, bwana!"

Ndio kwanza walikuwa wametoka nje kukiona. Jiwe lilikuwa bado pale, likionekana dirishani. Nilimtazama Mkaguzi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alinionyesha kwa mkono kwamba ni zamu yangu.

Nilifungua prufu. Nikavimbisha mashavu, nikaifanya sauti yangu nzito ya Makeke.

"Mimi Makeke, mjuzi wa wajuzi, nawaambia saa sita mchana kivuli huelekea kaskazini siku zote!"

"Uongo!" akapaza sauti mmoja nyuma.

"Nani amesema uongo? Kitabu changu kimesema!"

"Kitabu yako ni mbaya!"

"Kivuli iko kusini, zimwi! Tumeweka jiwe!"

"Enda uone, mjinga wewe!" Huyo, mwalimu wake alimkodolea macho, lakini alikuwa amechelewa; nusu ya darasa ilikuwa imesimama, vidole vikielekea dirishani, na yule msichana wa kijiti alikuwa akimweleza Makeke, kwa uvumilivu mkubwa, kwamba jua la Juni na Julai liko upande wa huku na ndiyo maana kivuli chake kimekwenda upande wa kule. Nilibisha kadiri nilivyoweza. Walinishinda.

Waliponyamaza, Mkaguzi aliwasogelea.

"Mlikuwa mmeona kivuli kiko kusini?"

"Ndiyo, bwana."

"Mbona mliniambia kaskazini?"

Mvulana wa dawati la mbele akatazama chini, akasema taratibu, "Wewe ni mkubwa, bwana."

Mkaguzi alichukua kofia yake. Tulipofika garini akaniambia, "Zimwi wako abaki. Lakini kila sura imalizike kwa jambo la watoto kwenda kujaribu nje, wasikuamini wewe pia." Hilo nililikubali kabla hajamaliza kulisema. Jopo lilipitisha kitabu, na risasi za Ngara hazikuwa kalenda. Msimamizi aliponikabidhi nakala ya kwanza alinusa karatasi kama mtu anayenusa mkate, akasema, "Sasa peleka zimwi mpaka Kisumu, mama."

Tulitoa vitabu kadhaa vya Makeke katika miaka iliyofuata. Maalim aliendelea kutunga hadi macho yalipomkataa. Mhariri Mkuu alistaafu, akaja mwingine, na baadaye kiti kile nikakikalia mimi. Sikubahatika kila mara. Ipo miswada mizuri iliyokwama mikononi mwangu, na vitabu vilivyopita bila kusomwa na mtoto yeyote. Lakini sikupitisha tena kitabu cha sayansi ambacho mkubwa wake hakosei.

Msinielewe vibaya. Siwaambii muwafundishe watoto ufedhuli. Adabu imetulea sote, na mtoto asiyejua kunyamaza hajui kusikiliza. Ninachowaambia ni kwamba mtoto anahitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya kusema hapana, kama anavyohitaji kidimbwi kabla ya mto. Kumtengenezea mahali hapo ni kazi ya mtunzi. Chukueni zimwi, chukueni joka, chukueni bundi anayesema, bora awe mkubwa, awe na majivuno, na akosee. Kisha nendeni mkamsome mbele ya watoto kabla ya kumpiga chapa, na msikilize wanapokasirika.

Sasa naishi Mutuini, kwenye shamba la mama, ingawa viazi vimewapisha wapangaji. Jumamosi watoto wa nyumba za kukodi huja kibarazani, huniita Shosho, yaani bibi, nami huwasomea. Juzi nilichagua kitabu chetu cha anga. Humo Makeke anapanda juu ya mti wa mugumo na kuzihesabu sayari, na ni mojawapo ya sehemu chache ambapo, baada ya kufikiri sana, tuliamua kumfanya aseme kweli. Nikasoma kwa sauti yangu ya kawaida: sayari ni tisa.

"Ni nane, Shosho," akasema msichana wa mpangaji wa mlango wa pili.

Mwenzake alimfinya. Mfinyo wa namna hiyo naujua tangu zamani, nami nikangoja nione atanyamaza au la.

"Ni nane," akarudia, sasa kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Ile ya mwisho waliitoa. Ni ndogo, na njia yake imejaa vitu vingine."

Makeke hakuwapo kuchukua lawama. Aliyekosea nilikuwa mimi, mkubwa, mwenye mvi na kitabu mkononi, na mtoto yule alikuwa akinitazama usoni. Nikasogea pembeni ya benchi, akaja akaketi, akaanza kutueleza.